Watu Wawili, Pikipiki Moja: Shajara ya Safari ya Dar es Salaam hadi Cape Agulhas, Ncha ya Kusini ya Afrika

Mimi na mume wangu tunaendesha kwa zamu, na hesabu naziandika mimi. Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kwenda kusini mwa Afrika akiwa na mwenzake juu ya pikipiki moja ya kawaida. Ushauri mwingi tulioukuta kabla ya kuondoka ulikuwa wa mtu mmoja mwenye pikipiki kubwa, na ulitusaidia kidogo sana, kwa sababu mtu wa pili anabadilisha kila kitu kuanzia tairi mpaka kiasi cha chumvi unachobeba. Gharama zote nimezigeuza kuwa shilingi za Tanzania kwa viwango vya siku tulizolipa.

2 Machi 2024. Pikipiki na mizani

Tumenunua ya mtumba: cc 250, silinda moja, inapozwa kwa hewa, ina kabureta. Shilingi 5,800,000. Wapo waliotushauri tuongeze hela tuchukue isiyo na kabureta. Tumekataa, kwa sababu kuanzia Chalinze mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, hutakosa fundi wa bodaboda anayeijua kabureta, lakini mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya pikipiki utamtafuta.

Kitabu chake kinasema mzigo usizidi kilo 160, watu wakiwemo. Tulikwenda kwa muuza nafaka tukapanda mizani yake tukiwa tumevaa buti, jaketi na helmeti. Mimi 62, yeye 76. Zimebaki kilo 22 kwa hema, nguo, spea, sufuria, maji na mafuta ya akiba. Namba hiyo nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, na kila kitu kitakachoingia kwenye mzigo kitapita kwenye mizani kwanza.

14 Aprili. Masanduku ya chuma yametoka

Fundi wa kuchomelea alitutengenezea masanduku mawili ya kuning'iniza pembeni, kazi safi kabisa, shilingi 280,000. Kila moja likiwa tupu lina kilo 9. Maana yake kilo 18 kati ya 22 zimeliwa na chuma kabla hujaweka hata soksi. Tuliyajaribu hata hivyo hadi Morogoro na kurudi. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na kila ukitaka kukata kona pikipiki inang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Tumeyauza kwa 150,000.

Badala yake fundi maturubai ametushonea mifuko miwili ya turubai la lori, jozi nzima kilo 2 na nusu, shilingi 95,000. Masika ya mwaka huu yalikuwa makali na yakatufanyia jaribio bure: maji yaliingia kwenye mishono yote. Dawa iliyofanya kazi ni kupaka mishono gundi ya viraka vya tyubu mara tatu, halafu kuweka ndani mfuko wa nailoni nzito ile ya kufunikia vitalu vya mboga, mdomo ukunjwe na kufungwa kwa kamba. Gundi peke yake haikutosha, na nailoni peke yake ilitoboka.

Mambo mengine mawili ya maandalizi. Siti tumempelekea fundi makochi, akatoa sponji laini akaweka ngumu na kuipanua upande wa abiria, 60,000. Hii ni hela bora kuliko zote tulizotumia hadi leo, maana anayekaa nyuma ndiye anayeumia mkia wa mgongo. Na sproketi ya mbele tumeishusha kutoka meno 14 hadi 13 ili pikipiki ipande milima na watu wawili bila kuua klachi. Ile ya 14 tunaibeba.

19 Mei. Karatasi

Pasipoti, kadi za chanjo ya homa ya manjano, leseni zenye daraja A, kadi ya pikipiki, bima, na Kadi ya Njano ya COMESA ya miezi mitatu. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huu wa bima, kwa hiyo kadi inakulinda Zambia, Malawi na Zimbabwe. Botswana na Namibia haifanyi kazi, na Botswana bima unalipa mpakani. Watanzania hatuhitaji viza ya kutembelea Zambia, Botswana, Namibia wala Afrika Kusini, na hilo ndilo lililotufanya tuchague upande huu.

Kadi ya pikipiki ina jina la mume wangu, na mimi naendesha pia. Tumekwenda kwa wakili tukapata hati ya kiapo kwa Kiingereza inayosema ananiruhusu kuiendesha na kuivusha mipaka. Msiiache. Tairi mpya ya nyuma, cheni, sproketi, tyubu mbili, nyaya za klachi na gesi, liva ya klachi, plagi, viungo vya cheni na spana vimegharimu 620,000. Karatasi zote 210,000. Watoto wanabaki kwa bibi yao Tanga, na tumekubaliana kupiga simu kila Jumapili jioni.

8 Juni. Dar hadi Mbeya

Barabara hii wengi mnaijua, sitaichosha. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi ni kilomita 50 za lami zenye wanyama pembeni na faini kwa anayemgonga mnyama. Tulipita asubuhi, polepole, tukaona twiga na nyati.

Mlima Kitonga tulipanda vizuri kwa sproketi ya 13, gia ya pili na ya tatu, nyuma ya malori. Kilichotusumbua ni cheni. Tuliikaza Dar pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi. Watu wawili wakikaa, nyuma ya pikipiki inashuka, mkono wa gurudumu la nyuma unanyooka na cheni inakaza zaidi. Kufika Iringa ilikuwa inalia na beringi ya sproketi imepata moto. Sasa tunapima hivi: wote wawili tunakaa juu na mizigo ikiwa imefungwa, mpita njia anatikisa cheni katikati, na inatakiwa icheze kama upana wa vidole viwili. Tumepata msaada wa watoto, askari na mama ntilie, na hakuna aliyekataa.

Mawasiliano: tulijaribu kupiga kelele, upepo unameza. Tumebaki na kugusana. Kofi moja begani ni punguza, mawili ni simama, kushika kiuno kwa nguvu ni kuna kitu nyuma yetu.

11 Juni. Tunduma na Nakonde

Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mji. Mengi yanakwenda au kutoka Kongo na Zambia, mengine na shaba. Pikipiki inapita pembeni mpaka kwenye kituo cha pamoja, lakini usishangilie, kwani vishoka, mawakala wasio rasmi, wanakusubiri hapo hapo. Watakuambia huwezi kuvuka bila wakala. Unaweza. Tulichofanya ni kuuliza kila dirisha lina kazi gani, kisha mmoja akabaki na pikipiki na mwingine akazunguka na karatasi: uhamiaji, kibali cha kutoa pikipiki kwa muda upande wetu, kibali cha kuiingiza kwa muda upande wa Zambia, ushuru wa kaboni, ada ya barabara, ushuru wa halmashauri. Kadi ya Njano ilikubaliwa. Jumla ya upande wa Zambia ilifika kama 140,000. Kila malipo tulidai risiti, na risiti zote ziliombwa tena kwenye vizuizi vya mbele.

Badilisheni shilingi zote Nakonde. Kwacha moja ilikuwa kama shilingi mia, hesabu rahisi. Mbele ya hapo shilingi yetu haina mtu. Saa pia: Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na tuliishi siku nzima kwa saa za Tanzania kabla ya kukumbuka.

Jambo la thamani kubwa la siku hiyo lilitoka kwa madereva wa malori wa Kitanzania waliokuwa wanapika chai chini ya trela. Mmoja alichora kwenye boksi la sigara sehemu zote mbaya mpaka Kapiri. "Dada, Mpika mpaka Serenje msipite jioni," aliniambia. "Jua likikaa machoni mashimo huyaoni, na lori linalokwepa shimo halitaiona pikipiki." Kuanzia hapo hatukufanya uamuzi wowote wa barabara bila kuuliza kwanza dereva wa lori. Wanajua lami ya jana.

17 Juni. Keria imevunjika

Boksi la sigara lilisema kweli. Kati ya Mpika na Serenje mashimo yanafuatana, mengine yana kingo kali. Tulikwenda kilomita 40 kwa saa, na bado nilisikia mlio wa chuma nyuma yangu. Bomba la keria limepasuka pale linapokutana na fremu, upande wa ekzosi.

Hapa ndipo ukame ulipotukuta. Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi Februari 2024, na kwa kuwa umeme wao mwingi unatokana na maji, mgao ulikuwa mkali. Fundi wa kuchomelea alikuwepo, mashine ilikuwepo, umeme haukuwepo. Alisema utarudi usiku. Tulilala jirani na karakana, na umeme uliporudi alituamsha mwenyewe kwa kugonga dirisha. Kwacha 250.

Weldi ile haikufika mbali. Ilijaza ufa tu, na bomba likapasuka tena sentimita mbili pembeni, pale chuma kilipochoka kwa moto. Fundi wa pili, Kapiri Mposhi, mzee mwenye jenereta yake, aliangalia kwa muda mrefu kabla ya kugusa chochote. Akakata sehemu iliyochoka, akaingiza kipande cha nondo ndani ya bomba kama mfupa, akachomelea juu yake, kisha akaongeza kipande cha pembetatu kwenye kona. Kwacha 300 pamoja na mafuta ya jenereta. Hiyo imeshika hadi leo.

Wanaotaka kuiga, fanyeni nyumbani kabla ya kuondoka: nondo ndani ya bomba, pembetatu kwenye kona, na vipande vya tyubu la lori kati ya keria na fremu kwenye kila bolti. Na kabla ya kuchomelea chochote, chomoa waya wa betri.

Pia tulimwaga mizigo yote chini na kupima upya. Kilo 27. Vitu vilikuwa vimeongezeka njiani kimyakimya: unga, sabuni ya mche, blanketi la pili, kitabu. Tumegawa kilo 5 hapo hapo. Kapiri ndiko reli ya TAZARA inakoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar, na madereva wanaokwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, wanapumzika mjini hapo, kwa hiyo Kiswahili hakikosi mtu. Mama mmoja wa Lubumbashi alichukua blanketi na kutupa karanga.

28 Juni. Lusaka na Livingstone

Lami nzuri zaidi, malori mengi. Oili mpya Lusaka. Mgao unagusa hata sheli, kwani pampu isiyo na jenereta haiuzi. Tunajaza tanki likifika nusu, bila kusubiri.

Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya upande wa Zambia yana maji kidogo msimu huu, lakini tulisimama tukayatazama mpaka walinzi wakatuambia muda umekwisha. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuyaona akataka kuondoka.

3 Julai. Kazungula, Kasane, Nata

Daraja la Kazungula, linalounganisha Zambia na Botswana, lilifunguliwa Mei 2021. Lina urefu wa mita 923 na limepinda makusudi ili lisiingie kwenye ardhi ya Zimbabwe. Kabla yake malori yalivuka Zambezi kwa pantoni na kusubiri siku nyingi. Kwa pikipiki ni dakika chache, na taratibu za nchi zote mbili zinafanyika kituo kimoja. Bima, ada ya barabara na kibali Botswana vilikuwa kama 60,000, tulilipa kwa kadi. Kibali cha pikipiki ombeni kinachoeleza kuwa mtapita Namibia na Afrika Kusini pia, kwa sababu nchi hizo ziko kwenye umoja mmoja wa forodha.

Mpakani mtakanyaga godoro lenye dawa na kupitisha magurudumu kwenye dimbwi la dawa. Ni kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Msibebe nyama mbichi wala maziwa.

Kasane hadi Nata ni kama kilomita 300 za lami iliyonyooka, na tembo wanaivuka. Wako wengi kweli. Hawapo ndani ya uzio, wanatokea vichakani na kusimama barabarani. Utaratibu wetu tulipewa na dereva wa lori la saruji: ukiona mmoja, tafuta wengine pande zote mbili kabla hujafanya lolote. Simama mbali, mita 100 au zaidi. Usizime injini, usipige honi. Lori likija, omba likupitishe pembeni mwake. Na uwe umefika kabla ya saa 10 jioni. Sisi tulisubiri kundi lenye ndama, na mume wangu, ambaye kwa kawaida haachi kuongea, hakusema neno.

Shida ya kiufundi: sproketi ya meno 13. Milimani ilituokoa, lakini kwenye tambarare injini inazunguka zaidi kwa kama asilimia 8 katika mwendo uleule, inapata moto na kunywa mafuta. Lita moja ilitupeleka kilomita 28 Tanzania. Huku, pamoja na upepo wa mbele, imeshuka hadi 23. Tanki letu ni lita 12. Fanya hesabu uone: kilomita 276, na Nata bado. Dumu la lita 5 ndilo lililotufikisha. Nata tulirudisha ya meno 14, kazi ya nusu saa kwa spana mbili, na siku iliyofuata tukapata 26. Ningekuwa naanza upya ningeibadilisha mara tu baada ya Kapiri, ambako milima imeisha.

10 Julai. Maun, Ghanzi, na baridi

Tulijiandaa kwa jua. Julai ni kiangazi chenye baridi kali huku: mchana unavua jaketi, alfajiri maji ya chupa nje ya hema yana ngozi ya barafu. Anayeendesha anaganda vidole hadi hawezi kuvuta klachi, na hilo ni hatari, si usumbufu tu.

Tulijaribu glovu mbili pamoja, zikabana na kuzuia damu. Tukajaribu mifuko ya nailoni juu ya glovu, ikateleza kwenye liva. Kilichofaa ni dumu la maji la lita 5 lililokatwa katikati, nusu moja kila upande, linafungwa kwa kamba mbele ya mikono kama ngao. Linazuia upepo, na upepo ndio unaoua vidole. Kifuani gazeti kati ya fulana na jaketi, shingoni kanga imezungushwa mara mbili. Na tumeacha kuondoka alfajiri. Tunakunywa chai mpaka saa 3 asubuhi.

Kwenye kizuizi cha mifugo cha Kuke walitukagua nyama na kutupitisha tena kwenye dawa. Baada ya hapo pikipiki ikaanza kudunda. Kila tuta dogo nyuma inaruka mara tatu nne kabla ya kutulia. Shokapu ya nyuma ilikuwa na oili nje ya fimbo yake, na vumbi limeganda juu. Sili imekufa, na naamini ilianza kufa kule Serenje.

17 Julai. Windhoek

Tulifika kwa kilomita 60 hadi 70 kwa saa, springi peke yake ikibeba kazi. Mpaka wa Mamuno na Buitepos ulikuwa mwepesi na watu wake wapole, ada ya barabara Namibia kama 50,000.

Karakana ya kwanza mjini ilitaka tununue shokapu mpya kutoka nje, zaidi ya milioni moja, na kungoja wiki kadhaa. Fundi wa pili aliifungua mbele yetu. Akaniuliza uzito wetu, nikamwonyesha daftari. Akasema hata ikiwa mpya springi ya kiwandani ni ya mtu mmoja na mkoba. Amebadilisha sili, akaweka oili nzito kidogo na springi ngumu zaidi aliyoitoa kwenye pikipiki nyingine kubwa. Kama 390,000. Tofauti ni kubwa mno: pikipiki haikai tena kwa makalio, na taa ya mbele imeacha kumulika miti.

Kwa anayejiandaa sasa, hili ndilo badiliko ningelifanya la kwanza kabisa, kabla ya mifuko na kabla ya siti. Keria iliyovunjika, cheni iliyokaza, mafuta, vyote vina mkono wa springi laini chini ya watu wawili.

Tumenunua pia tairi ya nyuma, 260,000. Ya Dar imeisha katikati na kubaki bapa. Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi, na randi inapokelewa Namibia nzima. Afrika Kusini hawapokei dola ya Namibia madukani, kwa hiyo chenji yako iombe kwa randi unapokaribia mpaka.

31 Julai. Changarawe

Windhoek hadi Swakopmund tulipita njia ya changarawe ya C28, kisha Walvis Bay hadi Solitaire kwa C14. Ni nchi ya ajabu. Unaendesha saa nzima bila kuona nyumba, na rangi ya mawe inabadilika kila ukivuka kilima. Nimeipenda kuliko mahali popote nilipowahi kufika.

Rasta za barabarani, yale mawimbi madogo ya changarawe, zinatikisa kila kitu. Polepole zinakuvunja, haraka zinakurusha. Kwa uzito wetu mwendo uliokubali ni kati ya 55 na 65. Upepo wa tairi ya nyuma tulishusha kutoka psi 36 hadi 27, na mbele hadi 24. Tulijaribu 22 nyuma, rimu ikagonga jiwe na kupinda kidogo, tukapandisha tena.

Spoku zinalegea. Kila jioni nagonga moja moja kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kijiti. Tatu zilivunjika kabla ya kuanza desturi hiyo, na hakuna iliyovunjika baada yake.

Mchanga ni suala lingine. Karibu na Solitaire gurudumu la mbele lilizama, tukaanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna aliyeumia, liva ya klachi ilivunjika, na ile ya akiba ikaingia ndani ya dakika kumi. Tangu hapo sheria ni moja: mchanga ukionekana, abiria anashuka na kutembea. Kilo 62 au 76 zikitoka nyuma, pikipiki inaelea. Nimetembea sana Namibia, na yeye pia.

Pikipiki haziruhusiwi kuingia Etosha wala kupita geti la Sesriem kwenda Sossusvlei. Tulikodi nafasi kwenye gari la watalii, 300,000 kwa wote wawili. Wekeni hela hiyo kwenye bajeti, msikae getini mkibishana na mlinzi, sheria si yake.

9 Agosti. Mto Orange hadi Cape Agulhas

Maltahöhe, Mariental, Keetmanshoop, lami tena, mikono imepumzika. Tulivuka Mto Orange kutoka Noordoewer kwenda Vioolsdrif. Mjini Springbok maua ya Namaqualand yameanza kufunguka, machungwa kila upande, na yanajifunga jua likizama.

Upande wa Cape majira ya baridi ndiyo ya mvua, kinyume na kwetu, na Julai walipigwa na dhoruba mfululizo. Mifuko ya turubai na nailoni yake haikuingiza tone. Umeme wa pikipiki uliingiza: kofia ya plagi ilipata maji karibu na Clanwilliam na injini ikawa inakatakata. Tulikausha kwa kanga, tukaipaka grisi ya silikoni ndani ya mdomo wake, ikapona.

Cape Town tumepokewa na Watanzania wenzetu, tukala wali wa nazi. Jana tulifika L'Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara, upepo ukitusukuma pembeni njia nzima kutoka Bredasdorp. Pale ndipo inapohesabiwa kuwa Bahari ya Hindi inakutana na Atlantiki. Mume wangu alilia, nami nikalia, na tuliwapigia watoto ingawa haikuwa Jumapili.

15 Agosti. Hesabu, na njia ya kurudi

Maandalizi mbali na pikipiki: 1,115,000, pamoja na 130,000 zilizopotea kwenye masanduku. Njiani: mafuta 760,000, ada za mipakani 250,000, matengenezo, tairi na oili 835,000, gari la Sossusvlei 300,000, kulala na kula 4,100,000. Jumla ya njiani 6,245,000. Gesti za Tanzania na Zambia ni rahisi kiasi kwamba hema halikutoka mfukoni. Botswana na Namibia ni hema kila usiku, au bajeti inakufa. Nyama ni rahisi Namibia, mboga ni ghali.

Tunarudi kupitia Zimbabwe: Beitbridge, Harare na Chirundu. Kadi ya Njano inaisha tarehe 30 Agosti, tunahitaji iishi mpaka Tunduma, kwa hiyo tumeomba wakala wa bima Dar atuongezee mwezi na nakala atutumie kwa simu, halisi itufikie kwa basi la Lusaka. Cheni imevutika kufikia alama ya mwisho na tumeagiza mpya pamoja na sproketi za mbele mbili, 13 na 14. Rimu iliyopinda imenyooshwa. Mizigo imepimwa leo asubuhi: kilo 21. Tunaondoka Jumatatu.